Van Gelder alirekodi mwenyewe, akasafisha upya mwenyewe. Mbona wakusanyaji wanazikwepa RVG Edition?

#1 Toazi la Usiku
Wakuu salaam. Swali hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema.

Albamu nyingi za Blue Note, kampuni ya jazi ya Marekani, za miaka ya 1950 na 1960 zilirekodiwa na injinia mmoja, Rudy Van Gelder. Kwanza sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, halafu kuanzia 1959 kwenye studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni akaitwa tena, akakabidhiwa kanda zake zilezile azisafishe upya kwa biti 24. Ndizo sidii za RVG Edition, herufi za jina lake. Aliyetega maikrofoni ndiye huyohuyo aliyesafisha. Hapo ungedhani kesi imekwisha.

Wapi! Wakusanyaji wanazipita kama hawazioni. Wanatafuta Tone Poet na Classic Vinyl, mifululizo ya santuri za Blue Note zilizotolewa upya, zote kazi ya mkono wa injinia Kevin Gray, ambaye hakuwemo chumbani mpiga ngoma Art Blakey na wenzake wakirekodi Moanin' mwaka 1958. Nimeisikiliza albamu hiyo kwa mikono yote miwili. Ya RVG matoazi yananichoma. Ya Gray naweza kukesha nayo.

Nadai hivi: aliyerekodi hana haki ya pekee ya kuamua albamu isikike vipi. Nipingeni.

#2 Jalada Kamili
Masikio. Jamaa kazaliwa 1924, RVG Edition zinaanza kuenea 1999. Piga hesabu. Mtu wa umri huo sauti za juu zimeshamkimbia, kwa hiyo anaongeza trebo mpaka ayasikie matoazi. Wewe mwenye masikio mazima unaungua. Uzi ufungwe.

#3 Pweza
Uzi ufungwe bandiko la pili? Hata sijapata pa kukaa!

#4 Kanda Mama
Jalada, hoja ya masikio inapendwa kwa kuwa ni nyepesi. Ila Van Gelder alilalamikiwa akiwa kijana. Mpiga besi Charles Mingus alimsema hadharani mwaka 1960 kwamba anabadilisha sauti za watu, hakutaka kurekodiwa naye. Piano yake nayo imesemwa tangu enzi hizo, kwamba inatoka kama imefungiwa sandukuni. Hayo hayakuletwa na uzee. Mtu alikuwa na ladha yake.

Halafu Toazi, unazungumza kana kwamba kanda ndiyo albamu. Kanda ilikuwa malighafi. Wakati wa kukata santuri Van Gelder alikuwa anaibana besi ya chini na kuiinua sauti ya katikati, maana wanunuzi wengi walikuwa na mashine duni ambazo besi nzito ingeirusha sindano nje ya mfuo. Kwa hiyo alirekodi akijua kwamba kuna hatua nyingine mbele, na hatua hiyo ilikuwa mkononi mwake.

Leo Gray anaichukua kanda na kuiachia ipumue. Anachokupa ni kitu ambacho mnunuzi wa 1958 hakukisikia hata siku moja. Kizuri? Sana. Lakini usiseme ndicho cha asili. Na kwenye zile sidii Van Gelder aliandika mwenyewe kwamba anavikumbuka vikao, anakumbuka wanamuziki walitaka wasikike vipi, na kwamba anajiona mjumbe wao. Unaweza kukataa ujumbe, lakini mjumbe huyu alikuwepo.

#5 Toazi la Usiku
Alikuwepo, sawa. Miaka arobaini kabla! Mimi sikumbuki spika zangu za kwanza zilisikikaje, yeye akumbuke mlio wa toazi la Blakey?

#6 Mzee wa Mono
Vijana hamjambo. Mnagombania stirio wakati mtu huyo alikuwa anasikilizia spika moja. Vikao vya 1957 na 1958 Van Gelder na Alfred Lion, mwanzilishi wa Blue Note, walipima kila kitu kwa mono. Stirio ilikuwa kanda ya pembeni tu, inazunguka ikisubiri soko. Ndiyo maana kwenye stirio saksafoni imebanwa ukutani kushoto na ngoma ukutani kulia, katikati patupu. Ukitaka walichokusudia, tafuta mono. Mono zote za Blue Note ndizo asili, stirio ni nakshi.

#7 Fundi Mifuo
Shikamoo Mzee. Nusu ya kwanza naunga mkono, ila hilo neno "zote" nalikataa.

Kwa muda fulani, 1957 mpaka karibu mwisho wa 1958, alikuwa anaendesha mashine mbili kwa pamoja, moja ya mono na nyingine ya njia mbili, yaani stirio. Baada ya hapo akaacha kanda ya mono. Santuri za mono zilizofuata zilitokana na kanda ileile ya stirio, pande mbili zikaunganishwa kuwa moja wakati wa kukata. Kwa hiyo Blue Train ya Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 15 Septemba 1957, ina kanda yake halali ya mono, na Tone Poet waliitoa hivyo 2022 pamoja na ya stirio. Lakini mtu akikuuzia mono ya 1963 kwa bei ya kukufilisi eti "mchanganyiko maalumu wa mono", hakuna kitu kama hicho. Ni stirio iliyokunjwa.

#8 Mzee wa Mono
Marahaba. Iliyokunjwa na nani? Na Van Gelder. Akijua ataikunja. Basi bado ndiyo aliyoikusudia.

#9 Fundi Mifuo
Mzee hashindwi 😂

#10 Bi Sindano
Jamani, kabla ya kuhukumu masikio ya marehemu, kuna aliyesawazisha sauti kabla ya kulinganisha? RVG Edition zilitoka wakati kila kampuni inashindana kutoa sidii yenye kelele kuliko ya mwenzake. Zimebanwa, zimepandishwa. Ukiweka kidude cha sauti palepale, RVG inakupigia kelele na santuri inakunong'oneza. Kwa dakika mbili za mwanzo yenye sauti kubwa huonekana bora, baada ya nusu saa inakuchosha. Toazi anasema hawezi kukaa nayo, hilo halinishangazi.

Nilimfanyia kaka yangu mchezo. Yeye ni muumini wa santuri, sidii haigusi. Nikanakili santuri yake kwenye kompyuta, nikashusha sidii mpaka zikalingana, nikampigia bila kumwambia ipi ni ipi. Alikuwa anabahatisha. Alipogundua akasema nyaya zangu ni mbovu.

#11 Jalada Kamili
Nyaya zako ni mbovu kweli, dada. Kuinakili santuri kwenye kompyuta ni kuipitisha kwenye dijitali. Ulichompigia ni dijitali mbili.

#12 Bi Sindano
Ndiyo! Na akashindwa kuzitofautisha. Maana yake dijitali ilibeba kila alichokipenda kwenye santuri. Sasa niambie ubaya wake uko wapi.

#13 Kanda Mama
Bi Sindano amegusa pale penye aibu yetu. Mnakumbuka 2022? Mobile Fidelity, kampuni inayoheshimika kuliko zote kwa santuri za wakusanyaji. Watu waliamini kila kitu ni analogi mwanzo mwisho. Julai mwaka ule mwenye duka moja la santuri Phoenix, Arizona, akaweka video, halafu mainjinia wa kampuni yenyewe wakakiri kwamba kuna hatua ya dijitali, ya aina iitwayo DSD, na kwamba waliianza tangu 2011. Ikaenda mahakamani, ikaishia kwenye makubaliano ya fidia ya dola milioni 25.

Kilichonichekesha ni kwamba kwa miaka yote hiyo wapinga dijitali wakubwa walikuwa wanazipa santuri hizo alama za juu kabisa. Hakuna aliyesema "mh, hapa nasikia kompyuta". Baada ya habari kutoka, ghafla wote wakawa walikuwa wanahisi kitu.

#14 Pweza
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Kama ubora haukupungua, kesi ilikuwa ya nini?

#15 Fundi Mifuo
Kesi ilihusu maneno ya kwenye jalada na bei iliyosimama juu ya maneno hayo, Pweza. Mtu akilipia "kutoka kanda mama", yaani kanda ya asili ya studio, anadhani kanda ilizungushwa siku ya kukata.

Niwape la ndani kidogo, maana linahusu hata swali la Toazi. Kisu cha kukata santuri lazima kijue sauti kubwa inakuja kabla haijafika, ili kiachanishe mifuo, la sivyo mfuo mmoja unaingia kwa jirani. Zamani walitumia mashine ya kanda yenye vichwa viwili vya kusomea. Cha kwanza kinasikia mapema na kuiambia mashine ijipange, cha pili ndicho kinachopeleka muziki kwenye kisu. Mashine hizo zimekuwa adimu. Tangu karibu miaka ya 1980 mafundi wengi wakafanya njia ya mkato: kanda inasomwa mara moja, sauti inacheleweshwa kidogo kwa dijitali, na hiyo iliyocheleweshwa ndiyo inayokatwa. Kwa hiyo zipo santuri nyingi za "analogi" za miaka ile ambazo zimepita kwenye dijitali duni kuliko DSD, na wenye nazo wanazibusu.

Gray anayo mashine ya vichwa viwili. Hilo nampa.

#16 Besi ya Mbao
Nimefika nimechelewa, nimesoma yote. Mimi ni mpigaji, sikusanyi, ila nina mfano unaowaumbua nyote.

Kind of Blue ya Miles Davis. Kikao cha kwanza kilikuwa tarehe 2 Machi 1959, studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York. Mashine kuu ya kanda siku hiyo ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Ukiicheza kanda hiyo kwenye mashine nzima, muziki unakwenda kasi na sauti inapanda juu kidogo. Upande wote wa kwanza: So What, Freddie Freeloader, Blue in Green. Upande wa pili ulirekodiwa Aprili, uko sawa. Dunia nzima iliisikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka toleo la 1992 walipotumia kanda ya akiba iliyokuwa inazunguka kwenye mashine nyingine kwa kasi sahihi.

Haya, wenye "asili" nijibuni. Asili ni santuri ya 1959 ambayo Miles mwenyewe aliiona madukani, au ni sauti iliyotoka kwenye tarumbeta yake? Maana ukitoa santuri kama ilivyokuwa, unauza kosa. Ukirekebisha, unauza kitu kipya.

#17 Toazi la Usiku
Sauti ya tarumbeta, bila kusita.

#18 Mzee wa Mono
Santuri ya 1959. Vizazi viwili vya wanamuziki vilijifunza jazi kutoka kwenye "kosa" hilo. Nikiisikia iliyorekebishwa Miles anaonekana kachoka.

#19 Besi ya Mbao
Mzee, nami nilijifunzia kwenye hiyo ya zamani, na kila nikipiga sambamba na piano ya kwenye santuri hiyo ilibidi nikaze nyuzi za besi kidogo. Mwalimu akawa ananilaumu mimi. Iliyorekebishwa imenifutia kesi.

#20 Jalada Kamili
Turudi kwa Van Gelder. Nina sababu nyingine, ya masikio mkiikataa. Kanda zenyewe zimekufa. Zilizeeka, nyingine ziliungua kwenye ule moto wa ghala la kanda la Universal wa 2008. Van Gelder alipewa mabaki, Gray anapewa mabaki ya mabaki.

#21 Kanda Mama
Moto wa Juni 2008 pale Universal Studios Hollywood ulikuwepo, na makala ya New York Times ya 2019 ilieleza hasara kubwa, ingawa Universal wenyewe walipinga ukubwa wake. Lakini Blue Note mwaka 2008 ilikuwa chini ya kampuni ya EMI. Universal waliipata 2012. Kanda za Blue Note hazikuwa mle. Ukitaka kulia, lilia Impulse!, kampuni nyingine ya jazi, ambayo ilikuwa mali ya Universal tayari.

Na kuhusu kuzeeka: kanda zinazonata na kubanduka unga ni hasa za miaka ya 1970, zile zenye tabaka la ziada mgongoni. Hizo huokwa kwa joto dogo kabla ya kuchezwa. Za miaka ya 1950 huwa na matatizo mengine: zinakakamaa, viungo vilivyogundishwa vinaachia, wakati mwingine unasikia mwangwi wa noti kabla haijapigwa kwa sababu sumaku ya duru moja imeambukiza duru ya jirani. Lakini zinachezeka. Ushahidi ni Tone Poet zenyewe. Kama ni mabaki ya mabaki, mbona ndizo mnazozililia?

#22 Jalada Kamili
Nilikuwa nawapima 😎

#23 Bi Sindano
Kipimo chako kina bandiko mbili mpaka sasa, zote zimekwama.

#24 Toazi la Usiku
Kanda Mama, hapo umenisaidia bila kutaka. Kama kanda ni nzima na ni ileile, tofauti kati ya RVG na Gray haitoki kwenye kanda. Inatoka kwa mtu. Nyama ileile, mapishi mawili.

#25 Kanda Mama
Au kwenye mashine. Au kwenye agizo la kampuni: "itoe iwe na nguvu, watu wanasikilizia garini." Wewe unadhani injinia wa 1999 aliachiwa ahukumu peke yake?

#26 Fundi Mifuo
Kuna jingine halijatajwa. Van Gelder hakuipenda santuri! Mnashangaa? Alisema wazi miaka ya 1990 kwamba santuri ndiyo inayoharibu sauti kuliko kitu kingine, na hakuilia ilipoondoka. Mtu aliyekata maelfu ya santuri kwa mkono wake. Alipopata dijitali alifurahi kwamba hatimaye hakuna sindano ya kuogopa. Kwa hiyo huenda ile sauti kali ya RVG Edition ndiyo aliyoitaka tangu 1958, ila mfuo ulimzuia.

#27 Toazi la Usiku
Sasa hiyo inanitisha. Inamaanisha ninachokipenda ni kizuizi.

#28 Bi Sindano
Ndiyo maana wengine tunapenda bila kuuliza maswali saa sita usiku.

#29 Mzee wa Mono
Bi Sindano, wewe mwenye jina hilo, umebadilisha sindano ya mono uliyoahidi kwenye uzi ule mwingine?

#30 Bi Sindano
Bado, Mzee. Nasubiri mtu anithibitishie kwamba ina maana kwa matoleo mapya.

#31 Fundi Mifuo
Kwa mapya haina. Mifuo ya mono za miaka ya 1950 ilikatwa kwa ajili ya sindano yenye ncha ya nusu kipenyo cha maikroni 25 hivi, na ya stirio ni kama 18, inazama chini zaidi penye uchafu na mikwaruzo ya wamiliki waliotangulia. Matoleo mapya ya mono yanakatwa kwa kisu cha kisasa, sindano yako inatosha. Bonyeza tu kitufe cha mono kama ampu yako inacho, kelele nyingi zitapotea.

Na tukiwa hapo, uzito wa gramu 180 hauongezi chochote kwenye sauti. Mfuo ni kina kilekile. Santuri inakuwa nzito mkononi, basi.

#32 Jalada Kamili
Usiniguse gramu 180. Na jalada la kukunjuka lenye picha za Francis Wolff za kikao, hilo nalo "haliongezi chochote"? Mimi nanunua kwa macho kwanza. Usanifu wa Reid Miles uliochapwa vizuri, kadibodi nene, harufu ya wino. Baadhi bado ziko kwenye nailoni.

#33 Pweza
Ngoja. Hujazifungua? Sasa unachangiaje uzi wa sauti?

#34 Jalada Kamili
Ninazo nakala mbili mbili, kijana. Tulia.

#35 Besi ya Mbao
Kitu kimoja naipendea RVG Edition ambacho santuri hizi nzito haziwezi: nafasi ya marudio yaliyoachwa. Kwa mwanafunzi hiyo ni shule. Chukua kile kikao cha mpiga piano Bill Evans pale klabu ya Village Vanguard, Juni 25, 1961, ambacho si cha Van Gelder lakini mfano unafaa. Kwenye matoleo kamili wameweka Gloria's Step ya kwanza ambayo umeme ulikatika kidogo na kanda ikayumba. Ningekuwa na santuri ya zamani tu nisingeijua. Na mpiga besi wake Scott LaFaro alifariki siku kumi na moja baadaye, kwa hiyo kila noti yake tunaihitaji.

#36 Mzee wa Mono
Mengine yaliachwa kwa sababu. Prodyuza Orrin Keepnews aliunganisha vipande vya Brilliant Corners ya mpiga piano Thelonious Monk 1956 kwa sababu hakuna hata mara moja waliyoimaliza salama. Ungetaka vipande vyote?

#37 Besi ya Mbao
Vyote, Mzee. Hasa walipokosea.

#38 Kanda Mama
Bila watu wenye tamaa kama ya Besi tusingekuwa na nusu ya hazina. Prodyuza Michael Cuscuna, aliyefariki 2024, alizama kwenye ghala la Blue Note miaka ya 1970 akatoa vikao vizima ambavyo havijawahi kutoka. Baadhi ya Tone Poet mnazozigombania leo zilikuwa zimelala humo.

#39 Pweza
Wakuu, nimehamasika nikatoa santuri yangu pekee, Kind of Blue. Natafuta herufi RVG pale kwenye ukingo wa ndani usio na muziki. Sizioni. Nimeuziwa feki?

#40 Fundi Mifuo
😂😂 Utazitafuta mpaka alfajiri. Hiyo ni Columbia, Van Gelder hakuhusika. RVG utaiona kwenye Blue Note za zamani, pamoja na alama kama sikio ya kiwanda cha Plastylite kwa zile za kabla ya 1966. Kazi za Gray zina KPG@CA. Yako imeandikwa nini?

#41 Pweza
Namba tu. Na jalada halitaji injinia wala kanda. Imeandikwa imetengenezwa Umoja wa Ulaya, jina la kampuni silifahamu.

#42 Jalada Kamili
Hapa msinikatize, hapa ndipo nyumbani kwangu. Ulaya iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa zimeshaponyoka. Kwa hiyo kule mtu yeyote anaweza kuchapa Kind of Blue bila kuomba ruhusa. Kanda mama hana. Anachukua sidii au santuri ya mtu, anainakili, anakata.

#43 Besi ya Mbao
Safi, basi tumpime huyo mchapaji. Pweza, piga So What. Iko kwenye D. Kama inapanda juu ya piano, walinakili toleo la zamani. Kama inakubaliana, walinyofoa sidii ya baada ya 1992.

#44 Pweza
Sina piano. Nina filimbi.

#45 Besi ya Mbao
Filimbi itafaa. Puliza D, sikiliza besi ya Paul Chambers.

#46 Pweza
Nimepuliza. Haikubaliani na upande wa kwanza. Haikubaliani na wa pili pia.

#47 Bi Sindano
Mashine yako ya santuri ina mkanda wa mpira? Uliubadilisha lini?

#48 Pweza
Kuna mkanda wa mpira??